Hesabu ya maziwa nusura imponze kijana wetu

MSOMAJI mpenzi, huenda wewe ni kama mimi. Hisabati niliiaga siku ile nilipokabidhi karatasi ya mwisho ya mtihani wa kidato cha nne, nikaapa moyoni kwamba sisi wawili tusionane tena. Katika chuo cha uanahabari nilifunzwa kuuliza nani, nini, lini, wapi na kwa nini, na tangu nianze kazi hakuna mhariri aliyewahi kuniuliza thamani ya x. Lakini mwezi wa Aprili nilipokwenda nyumbani Moiben kumjulia mama hali, hisabati ilinifuata hadi mezani pa chakula. Na heri ilinifuata, kwa maana nilikuwa tayari nimekubali kushiriki katika kumfuta kazi mtoto wa watu.

Kwa wasiopajua, Moiben iko kaskazini-mashariki mwa mji wa Eldoret. Unapanda matatu, unapita Kimumu, mara majumba ya kukodisha yanakwisha na mbele yako zinabaki nyanda za ngano na mahindi. Huku mahindi huleta pesa mara moja kwa mwaka, na mkulima hana budi kungoja. Maziwa hayangoji. Hutoka kila asubuhi, na pesa zake ndizo hununua sukari, mafuta ya taa na dawa, na kumlipia mwanafunzi nauli. Ndiyo maana daftari la maziwa la mama yangu hukaa kabatini pamoja na Biblia na hati ya shamba.

Mama hupima lita mwenyewe kwa jagi kabla ya kutia maziwa mtungini. Kisha kijana wetu wa kazi huufunga mtungi nyuma ya baiskeli, akaupeleka barabarani ambako hupita mchuuzi mwenye pikapu. Mchuuzi hulipa taslimu, kijana hurudi na pesa, mama huandika. Tarehe, lita, shilingi. Amefanya hivyo miaka mingi na hajawahi kuruka siku.

Jumamosi usiku, baada ya chai, mama aliniletea daftari hilo bila kusema neno. Aliweka kidole kwenye tarehe tatu: lita 14, shilingi 630. Akakipeleka chini hadi tarehe tano: lita 14, shilingi 560. Akafunua ukurasa. Tarehe kumi, lita 12, shilingi 540. Tarehe kumi na tano, lita 12 zilezile, shilingi 480.

"Tulipatana na mchuuzi shilingi arobaini na tano kwa lita," akasema. "Hizo nyingine zimekwenda wapi?"

Sikujibu. Mama akashusha sauti, ingawa kijana alikuwa amekwisha lala katika kibanda chake ng'ambo ya zizi. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Jumatatu nitamlipa siku zake aende kwao."

Kijana mwenyewe ana miaka kumi na tisa hivi, mpole, hasemi mpaka asemeshwe. Alikuja Januari. Nikiwa mwana wa mjini niliyeibiwa na vijakazi wawili, sikuhitaji kushawishiwa. Nilimwambia mama afanye anavyoona vyema. Naona aibu kuandika maneno hayo, lakini ndivyo nilivyosema.

Kwenye ncha ya pili ya meza, chini ya taa hiyohiyo, alikuwa ameketi mpwa wangu, binti ya kaka yangu, aliye kidato cha tatu. Mwalimu wake wa hisabati alikuwa amewapa karatasi ya ziada ya likizo, na binti alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka imeanza kuchanika. Maswali yalikuwa kumi, na yote yalianza kwa namna moja: amua kama mlinganyo huu ni fanksheni, kisha utaje domeni yake na renji yake. Aliniuliza. Nikavaa uso wa mtu mwenye usingizi.

"Ngoja mjomba wa baba yako aje kesho," nikamwambia. Hivyo ndivyo sisi watu wazima hufanya tukibanwa.

Mjomba, yaani ndugu yake mama, ni mwalimu mstaafu. Yeye alisoma sekondari katika miaka ya 1970, zama za ile iliyoitwa "hisabati mpya". Vijana wa leo hawajui kisa hicho. Kuanzia mwaka 1962, wataalamu kutoka nchi kadhaa za Afrika, Uingereza na Marekani walikutana mjini Entebbe, Uganda, wakaandika vitabu vya kufundishia hisabati kwa njia ya seti, mahusiano na fanksheni. Watoto wa Kenya nao wakaingizwa katika mkondo huo mpya. Wazazi walilalamika kwamba mtoto anajua seti lakini hawezi kujumlisha bei ya sukari na chumvi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ikaachana na hisabati mpya. Mjomba huisifu hadi leo, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba siku hizi hapati mtu wa kumwuliza habari zake.

Basi Jumapili baada ya kanisa alikuja, akanywa mursik, akaomba ile karatasi. Hakuanza na x wala y.

"Kila mtoto hapa Moiben ana mama mangapi waliomzaa?" akamwuliza binti.

"Mmoja."

"Na kila mama ana watoto wangapi?"

Binti akacheka. "Inategemea."

"Hapo ndipo penyewe. Ukinitajia mtoto, nitakutajia mama mmoja tu, sina la kuchagua. Kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama ni fanksheni. Ukinitajia mama uniulize mtoto wake, nitakuuliza yupi? Hiyo si fanksheni. Simama sokoni uite Kiplagat uone watakaogeuka."

Nilisogeza kiti. Mjomba akaendelea kwamba watoto wawili wanaweza kuwa na mama mmoja, na hilo haliharibu kitu. Kinachoharibu ni kimoja kinachoingia kutoa majibu mawili. Wote wanaoruhusiwa kuingia, yaani watoto, ndio domeni. Wote wanaotokea upande wa pili kama majibu ndio renji, na hapo si wanawake wote wa Moiben, ni wale waliozaa tu. Alirudia jambo hilo la mwisho mara mbili, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wakilikosea.

Kisha akampeleka kwenye mashine ya kusaga. Unatia mahindi, unapata unga. Ukitia mawe unavunja mashine. Katika milinganyo ya shule, mawe ni ya aina mbili: kugawanya kwa sifuri, na kutafuta kipeuo cha pili cha namba hasi. Kwa hiyo mbele ya y = 1/x, domeni ni namba zote isipokuwa sifuri. Mbele ya y = √x, domeni ni kuanzia sifuri kwenda juu, na renji vilevile. Na y = 2x + 3 haina mawe kabisa; tia namba yoyote, itatoka namba yoyote.

"Na y = x²?" akauliza binti, ambaye sasa alikuwa ameshika kalamu.

"Tia 3."

"Tisa."

"Tia hasi 3."

"Tisa tena. Kwa hiyo si fanksheni!"

"Polepole. Watoto wawili, mama mmoja. Ni fanksheni. Domeni ni namba zote, lakini renji ni kuanzia sifuri kwenda juu, kwa maana hakuna namba inayozidishwa kwa yenyewe ikatoa hasi. Sasa pindua: x = y². Nikikupa x ni 9, y ni ngapi?"

Binti akafikiri. "Tatu. Au hasi tatu."

"Umesema 'au'. Ukiiweka y peke yake upande mmoja, halafu ukajikuta unaandika chanya au hasi, jua fanksheni imekufa." Akaandika mlinganyo wa duara, x² + y² = 25, akamwambia atie x ni 3. Ikatoka 4, ikatoka hasi 4. Akachora duara lenyewe, akachukua rula, akaisimamisha wima juu ya karatasi na kuitembeza kutoka kushoto kwenda kulia. Kila ilipokuwa ndani ya duara, ilikata mstari mara mbili. Hiyo ndiyo njia ya macho: chora grafu, tembeza rula iliyosimama wima, na ikigusa mchoro zaidi ya mara moja mahali popote, basi si fanksheni.

Binti akauliza kwa nini rula isilazwe. Nami nilikuwa na swali hilohilo ila sikuthubutu kulitoa. Mjomba, kama mzee yeyote wa Uasin Gishu, akakimbilia riadha. Alitukumbusha tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia mjini Vienna kilomita 42 na mita 195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Tazama saa, uliza Kipchoge yuko wapi. Jibu ni moja tu, kwa maana mtu hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Domeni ni kuanzia sifuri hadi saa 1:59:40, na baada ya hapo usiulize, kwa kuwa mbio zimekwisha. Lakini alikuwa akirudi katika barabara ileile mara kadhaa. Ukisimama chini ya mti mmoja ukauliza Kipchoge alipita hapa saa ngapi, utapata majibu kadhaa. Rula iliyolala inauliza swali la yule wa chini ya mti. Iliyosimama inauliza swali la mwenye saa.

Msomaji, nimekaa darasani miaka mingi na hakuna aliyenieleza hivyo. Labda alinieleza nami nikawa nachungulia dirishani.

Binti akamaliza maswali sita kwa mfululizo. La saba lilitaka atafute namba za kweli kutoka nyumbani, achore grafu, kisha aamue. Akatazama huku na huku. Akaenda kabatini, akatoa daftari la maziwa.

Mama alikuwa jikoni. Mimi nilimwona binti akilifungua nikanyamaza. Akaandika lita kwenye mstari wa chini, shilingi kwenye mstari wa kushoto, akaanza kutia nukta za mwezi wa nne, siku moja baada ya nyingine. Nukta nyingi zilijipanga katika mstari mmoja ulionyooka. Nne zikakataa. Akasimamisha rula juu ya 14.

"Inagusa mara mbili," akasema. "Mia sita na thelathini, na mia tano sitini. Juu ya 12 pia."

Mama alikuwa ametokea mlangoni akifuta mikono. "Hata rula imemwona," akasema, na akamweleza kaka yake habari yote ya kijana na pesa.

Mjomba hakujibu upesi. Alivaa tena miwani, akaisogeza grafu karibu. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba hadi Nairobi. "Dada, grafu hii haisemi kuna mwizi. Inasema pesa si fanksheni ya lita peke yake. Kuna kitu cha pili kinachoingia katika mashine, na wewe hukukiandika."

"Kitu cha pili ni mfuko wa kijana."

"Huenda. Lakini tazama."

Akaweka rula kwenye kona ya sifuri na kuilaza kupitia zile nukta nne zilizokataa. Nazo zilikuwa katika mstari mmoja! Lita 12 kwa 480, lita 13 kwa 520, lita 14 kwa 560, lita 15 kwa 600. Shilingi arobaini kwa lita, bila kukosa hata senti. Karatasi ilikuwa na mistari miwili iliyoanzia kona moja, wa arobaini na tano na wa arobaini.

"Mwizi gani huiba kwa kipimo?" akauliza Mjomba.

"Mwerevu," akajibu mama. Na lazima nikiri kwamba jibu lake lilikuwa zuri. Grafu haikuweza kulipinga. Wakatazamana, ndugu wawili waliozoea kubishana tangu utotoni, nami nikaona jambo hili halitaamuliwa kwa penseli.

Ni binti aliyeuliza tarehe. Zile nukta nne zilikuwa za tarehe tano, nane, kumi na mbili na kumi na tano. Akahesabu kwa vidole. "Kogo, tarehe tano ilikuwa Jumapili. Tarehe kumi na mbili pia."

Mama akaketi. Tarehe nane na kumi na tano zilikuwa Jumatano, na aliikumbuka kila moja. Usiku wa kuamkia tarehe nane mvua ilinyesha hadi mfereji wa shamba ukafurika. Usiku wa kuamkia kumi na tano iling'oa mabati mawili ya kibanda cha kuku. "Lakini maziwa yaliuzwa," akasema. "Pesa zililetwa."

Jumatatu alfajiri nilivaa gambuti za mama nikafuatana na kijana. Nilimwambia nataka kunyoosha miguu. Alisukuma baiskeli, nami nikawa naanguka nyuma katika tope ambalo miaka ya mjini ilikuwa imenisahaulisha. Pikapu ilikuwapo. Nikamwuliza mchuuzi, kama mtu wa kupitisha wakati tu, kama huja kila siku. Akasema tangu mwezi uanze haji Jumapili, maana wateja wake mjini hawafungui, na mvua ikizidi yeye hugeuzia pale chini kwenye daraja, kwa kuwa gari lake halina nguvu ya kupanda.

Nikamgeukia kijana. Siku hizo maziwa alikuwa akiyapeleka wapi?

"Senta," akasema. "Kwa mama wa hoteli. Yeye hutoa arobaini."

Kutoka pale tulipokuwa hadi senta ni kama kilomita nne, zote za kupanda. Katika tope lile, na mtungi nyuma, asingeweza kuipanda baiskeli hata hatua kumi. Siku ile ya tarehe nane alirudi nyumbani saa sita mchana, na mama alikumbuka kwamba alimkaripia kwa kuchelewa kukata nyasi. Nilimwuliza kwa nini hakusema.

"Nilidhani mnajua," akasema. "Na maziwa yangeharibika."

Nilifika hata kwa mama wa hoteli, kwa kuwa kazi yangu imenizoeza kuuliza mtu wa pili. Alinithibitishia bei na siku, akanipa na kikombe cha chai.

Pesa zote zilizokuwa zikitafutwa, nilipozipiga hesabu njiani, zilikuwa shilingi 270: lita 54, shilingi tano kwa kila lita. Kwa shilingi hizo kijana angalirudi kwao na jina la mwizi, na katika kijiji jina hilo hutangulia kufika kabla ya mwenyewe.

Mama alinisikiliza akiwa amesimama. Hakusema kitu. Alichukua daftari na ile rula ya binti, akachora mstari mpya wima kando ya lita na shilingi, akaandika juu yake "Mnunuzi". Kisha akarudi nyuma hadi tarehe mosi, akaanza kujaza: pikapu, pikapu, pikapu, pikapu, hoteli. Binti alimwambia kwamba sasa lita na mnunuzi vikiingia pamoja, jibu linatoka moja tu, kwa hiyo ni fanksheni. Mama akamwambia ajishughulishe na vyombo.

Swali la saba lilikuwa na sehemu ya pili ya domeni na renji, na binti alipenda kuurefusha mstari wake hadi lita mia. Mjomba, aliyekuwa amerudi kujua yaliyotokea, akamkataza. Mtungi wetu ni wa lita 20 na hakuna lita hasi. Kwa hiyo kwa pikapu domeni ni kuanzia sifuri hadi 20, na renji ni kuanzia sifuri hadi shilingi 900. Mlinganyo unaweza kwenda mbali upendavyo. Ng'ombe wanne hawaendi.

Kijana hakuambiwa alivyokaribia kufukuzwa. Nilitaka aambiwe, mama akakataa, na hilo bado hatujakubaliana. Ila jioni ile alimwita mezani, akamkaribisha chai katika kikombe kikubwa cha wageni, akamwuliza kama ana shida yoyote na kazi.

Akatazama chini kwa muda mrefu. Kisha akasema tairi la nyuma la baiskeli limekwisha meno, linateleza kwenye tope.

Mama akafungua daftari, akaliandika.